Koo likiuma hadi kidonge hakipiti
Koo likivimba hadi kumeza mate ni kazi, kidonge cha parasetamoli kinakwaruza kweli. Dawa ya maji inateleza, ila soma lebo kwanza: nyingi za watoto zina miligramu 120 kwa kila mililita 5, wakati kidonge kimoja kina 500. Kijiko kimoja hakimtoshi mtu mzima. Kufikia kidonge kimoja anahitaji kama mililita 20, na kichupa cha 60 kinaisha kwa mara tatu tu. Mimi huomba vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, nasubiri povu litulie, nanywa taratibu. Na tafadhali, angalieni dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli hiyohiyo. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, ini ndilo linaloumia.