Jinsi nilivyompata wakala wa fasihi mara ya pili

Mswada wa riwaya yangu ya kwanza niliutuma usiku uleule nilioandika sentensi ya mwisho. Nilikuwa nimekaa nao miaka minne, nikaona kungoja hata wiki moja ni kuchezea bahati. Barua moja, mawakala 20. Nilichobadilisha ni jina la anayeandikiwa tu. Sita walijibu kwa kukataa, 14 walinyamaza. Na wakala akishakataa kitabu, ni nadra akubali kukisoma tena, isipokuwa kiwe kimeandikwa upya. Kwa usiku mmoja nilikuwa nimejifungia milango 20. Haya ninayoeleza ndiyo niliyoyafanya mara ya pili, na ndiyo yaliyonipatia wakala.

Kwanza ujue kama unamhitaji. Wakala huuza mswada wako kwa wachapishaji, hujadili mkataba kwa niaba yako na kufuatilia fedha zako. Kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya unachopata, na asilimia 20 kwa haki za kuchapisha zinazouzwa nchi za nje au za tafsiri, kwa kuwa huko mara nyingi hugawana na wakala mwenzake. Usipolipwa wewe, naye halipwi. Wachapishaji wengi wakubwa wa Uingereza na Marekani hawapokei mswada unaotumwa na mwandishi moja kwa moja, kwa hiyo huko wakala ndiye mlango. Lakini mashairi, vitabu vya kitaaluma na vitabu vinavyofaa wachapishaji wadogo havihitaji wakala. Kama wewe ni mshairi, andikia wachapishaji mwenyewe.

Riwaya lazima iwe imekwisha. Kitabu cha maarifa, yaani kisicho cha kubuni, kinaweza kuuzwa kwa pendekezo: sura moja au mbili za mfano, maelezo mafupi ya kila sura, nani atakisoma, na kwa nini wewe ndiye wa kukiandika. Mwandishi mpya wa riwaya hana nafuu hiyo. Tena urefu hutazamwa kabla ya chochote. Riwaya ya watu wazima huwa salama ikiwa kati ya maneno 80,000 na 100,000. Mswada wangu ulikuwa na maneno 164,000. Niliuweka kando miezi miwili, nikaurudia kwa kuusoma kwa sauti, nikakata kila mahali nilipojisikia nikiharakisha ili nifike panapopendeza. Ulibaki na maneno 97,000, na hakuna tukio hata moja ninalolikosa.

Majina ya mawakala usiyatafute kwa kubahatisha. Chukua vitabu vya miaka ya karibuni vinavyofanana na chako kwa umri wa wasomaji na kwa aina, ufungue ukurasa wa shukrani. Waandishi wengi humtaja wakala wao pale kwa jina. Niliandika majina hayo kwenye daftari, kisha nikaingia tovuti ya kila mmoja kuona anatafuta nini sasa, na anataka atumiwe nini: wengine sura tatu za mwanzo, wengine kurasa 10, wengine barua peke yake. Fuata maelekezo hayo neno kwa neno. Aliyeomba kurasa 10 akitumiwa 50 anaona mtu ambaye hatasikiliza hata akishamkubali.

Sasa barua. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote, na sijutii. Barua ya kuomba uwakilishi haizidi ukurasa mmoja, na aya yake kubwa ni ile inayoeleza kisa. Yangu ya kwanza ilisema hivi:

“Riwaya yangu inazungumzia mapenzi, usaliti na nguvu ya msamaha katika familia moja, na itamgusa kila msomaji.”

Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye vitabu elfu. Hakuna mtu ndani yake, hakuna anachotaka, hakuna kinachomzuia. Ya pili ilisema hivi:

“Saida ni nesi wa zamu ya usiku, na huwaandikia barua wagonjwa wasioweza tena kushika kalamu. Usiku mmoja mzee aliye mahututi anamtamkia barua ya kukiri wizi alioufanya miaka 30 iliyopita. Anapotaja jina la aliyeibiwa, Saida anakuta ni baba yake mzazi, ambaye muda wote huo ameamini kwamba mwizi alikuwa kaka yake mwenyewe. Mzee anafariki kabla ya kutia saini. Saida akiipeleka barua, atakuwa ametoa siri ya mgonjwa na kazi itamponyoka. Akiichana, ndugu wawili watazikwa bila kusemezana.”

Angalia aya hiyo inapoishia. Imefika kwenye uamuzi mgumu, ikanyamaza. Kazi yake ni kumfanya wakala afungue ukurasa wa kwanza, basi. Neno “msamaha” halimo, ingawa ndilo kiini cha kitabu. Msomaji analiona mwenyewe. Niliiandika mara 11, na kila mara nilimpa mtu ambaye hajasoma riwaya, kisha nikamwomba anisimulie alichoelewa. Alipoanza kubabaika, pale ndipo palipohitaji kurekebishwa.

Yanayobaki ni mafupi. Taja jina la kitabu, aina yake na idadi ya maneno. Taja vitabu viwili vya karibuni ambavyo wasomaji wake wangependa chako, ili wakala aone kitakaa rafu gani. Jieleze kwa sentensi mbili. Eleza kwa nini umemchagua yeye, kwa sababu ya kweli. Usiseme kwamba ndugu na marafiki wamekipenda.

Muhtasari ni kitu kingine, na wengi huuchanganya na barua. Huo unasimulia kisa chote kwa ukurasa mmoja au miwili, pamoja na mwisho. Usimfiche wakala mwisho. Anataka kujua kama unajua kufunga ulichofungua. Kurasa zenyewe ziwe na herufi za kawaida za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari na namba kila ukurasa.

Tuma kwa mafungu. Mimi nilituma kwa mawakala wanane, nikangoja. Majibu huchukua wiki sita hadi 12, na kwa wengi ukimya ndio jibu. Sababu ya kutuma kidogokidogo ni kwamba majibu yenyewe yanakufundisha. Kama hakuna hata mmoja aliyeomba mswada mzima, kasoro iko kwenye barua au kurasa za mwanzo, kwa kuwa ndivyo pekee walivyoviona. Kama wanaomba mswada mzima kisha wanakataa, barua yako ni nzima. Kinachowachosha kiko ndani. Rekebisha panapohusika kabla ya fungu linalofuata.

Wakati wa kungoja ndipo unapokuwa rahisi kudanganywa. Kampuni moja iliniandikia kwamba imeupenda sana mswada wangu, ila nilipie kwanza gharama za kuusoma na kuuhariri. Baada ya kukataliwa mara nyingi, maneno hayo yalinipendeza mno, na nilikaa siku mbili nikitafuta hizo fedha. Namshukuru rafiki aliyeniuliza swali moja: “Kama wameshaupenda, wameupendaje kabla ya kuusoma?” Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma, na mchapishaji wa kweli hakuuzii nafasi ya kuchapishwa. Ukitaka kujichapishia kwa fedha zako ni njia halali, lakini iwe ni uamuzi wako, na anayekutoza ajiite mtoa huduma.

Wakala akikubali, atataka mzungumze. Usiseme ndiyo kwenye simu, hata moyo ukienda mbio. Muulize anaona mswada unahitaji marekebisho gani, atawapelekea wahariri wa aina gani, na kama atabaki nawe kwa kinachofuata endapo kitabu hiki hakitauzwa. Omba kuzungumza na mwandishi mmoja anayemwakilisha. Waarifu mawakala wengine walio na mswada wako kwamba umepata ofa, uwape wiki mbili. Ni adabu ya kazi hii, na wawili wa kwangu walijibu ndani ya siku tatu baada ya ukimya mrefu.

Kwenye mkataba soma kwanza kifungu cha kuachana: kila upande uweze kujitoa kwa notisi ya maandishi, mara nyingi siku 30 hadi 90, huku wakala akiendelea kupata asilimia yake kwa mikataba aliyokwisha kuifunga tu. Na tangu siku anayoanza kupeleka mswada, mwombe orodha ya wachapishaji waliopelekewa na majibu yao, uihifadhi. Mkija kuachana, wakala mpya ataiulizia kabla ya kukubali kuupokea mswada huo, maana mhariri aliyekwisha kuukataa hatapelekewa tena.