Inua Chungu Kwanza: Maji kwa Mimea Inayongoja Mnunuzi

Kila asubuhi, kabla sijaondoa turubai, napita kati ya safu zangu za miche na maua ya kuuza hapa Mamboleo, Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Kakamega, nikiwa mikono mitupu. Keni ya kumwagilia sijaishika, mpira wa maji sijaufungua. Nainua chungu kimoja hapa, karatasi moja pale, yaani mfuko wa plastiki wa kukuzia mche, narudisha chini, nasonga mbele. Kijana anayenisaidia alipoanza kazi aliniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta walio wepesi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo chungu kilichoshiba maji na chungu kile kile kikiwa kikavu vina uzito tofauti kabisa, na mkono unaihisi tofauti hiyo upesi kuliko jicho linavyoiona. Jicho hudanganywa. Jua la saa nne hukausha uso wa udongo ukawa mweupe ilhali chini ni tope. Siku nyingine manyunyu ya usiku huulowesha uso huo, unaridhika, kumbe mizizi imekaa kwenye vumbi.

Ukitaka kuufundisha mkono wako, chagua chungu kimoja. Kimwagilie hadi maji yatoke chini, ngoja nusu saa yachuruzike, halafu kiinue na uushike uzito huo akilini. Kiinue tena kila asubuhi bila kukiongeza maji, mpaka siku utakayoona majani yameanza kulegea. Sasa unajua shibe yake na unajua njaa yake. Mmea upe maji ukiwa bado haujafika kwenye njaa. Mimi ilinichukua kama wiki mbili kuzoea, na nimeuza miche kwa miaka 11 sasa. Chungu kikubwa kisichoinulika, kama cha mtende, kiinamishe kidogo kwa ukingo, au chomeka kidole ndani mpaka kiungo cha pili.

Nasisitiza hili kwa sababu mmea unaouzwa hauko kama mmea wa shambani. Wa shambani ukikosa maji juu hutuma mizizi chini ikayatafute. Huu wetu umefungwa ndani ya karatasi nyeusi ya inchi 4 kwa 6, na unaweza kukaa humo miezi mitatu kabla mwenyewe hajatokea. Tegemeo lake ni wewe tu. Karatasi hiyo nyeusi nayo hunyonya joto, na upande unaotazama jua la alasiri mizizi huchemka. Ndiyo maana safu za pembeni kwangu hukauka kabla ya za katikati, na miche midogo nimeisogeza katikati, nikaizungushia vyungu vikubwa viikinge.

Udongo ndio unaoamua maji yatakaa au yatapita. Watu wengi hapa Kisumu hujaza karatasi kwa udongo mweusi wa uwanda wa Kano kwa kuwa unaonekana umenona. Kwenye chungu udongo huo una shida. Ukilowa unakuwa kama ugali na hewa haipiti. Ukikauka unajikunja na kuachana na kuta za chungu. Ukimwaga maji siku hiyo, yanapita kwenye ule ufa wa pembeni na kutoka chini, wewe unafurahi kuyaona yametoka, na katikati hakujalowa hata kidogo. Mimi nachanganya makarai 3 ya udongo wa juu, karai 1 la samadi iliyooza vizuri, na karai 1 la maganda ya mpunga kutoka Ahero, ambako mashine za kukoboa huyaacha malundo kwa malundo. Maganda hufungua udongo, maji yakashuka na hewa ikaingia. Kwa alovera na jamii yake naongeza mchanga mwingi wa mto.

Chungu kikishakauka kupita kiasi, acha keni. Chukua beseni, weka maji yafike nusu ya kimo cha chungu, kitumbukize, na ukiache kinywe kutoka chini. Utaona mapovu yakipanda. Yakikoma, baada ya dakika 20 hivi, kitoe na ukiache kichuruzike. Nimeokoa waridi nyingi namna hiyo ambazo wengine wangezitupa.

Kumwagilia kwenyewe, mwaga mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, halafu acha mpaka chungu kipungue uzito. Usimwagilie kidogo kidogo. Kikombe kimoja kila siku hulowesha sentimita chache za juu tu, mizizi ikabaki huko huko juu, na siku ukichelewa kidogo mmea mzima unaanguka. Elekeza maji kwenye udongo, si kwenye majani. Keni iwe na kichwa cha matundu madogo, hasa kwa miche ya sukuma na nyanya, maana maji ya nguvu huilaza na kufukua mizizi.

Wakati mzuri ni asubuhi. Majani yakilowa asubuhi, jua linayakausha. Yakilowa jioni yanalala na maji, na ukungu hupenda hivyo. Miche michanga ndiyo huumia zaidi. Ugonjwa wa kinyausi ukiingia, shina linalainika pale linapogusana na udongo, miche inalala chini trei nzima, na hakuna dawa ya kuirudisha. Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mvua imekata, karatasi ndogo nazimwagilia asubuhi na tena saa tisa, saa kumi hivi, ili majani yapate muda wa kukauka kabla ya giza. Wengine husema maji ya mchana huunguza majani. Kinachounguza ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yaache yatoke kwanza kwenye ndoo mpaka uhisi ubaridi mkononi, halafu mwagilia. Mmea unaokufa kwa kiu saa saba hauwezi kungoja kesho.

Lakini kwanza hakikisha kweli ni kiu. Mchana upepo wa ziwani ukiungana na joto, baadhi ya mimea yenye majani mapana hulegea hata udongo ukiwa na maji, kwa kuwa majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyapandisha. Isogeze kivulini. Jioni ikisimama yenyewe, ilikuwa joto. Ikiwa bado imelala asubuhi, inua chungu. Kikiwa chepesi, ni kiu. Kikiwa kizito, mizizi inaoza, na hapo kuongeza maji ni kuua.

Hili la mwisho linaniumiza kila nikilikumbuka. Duka moja kubwa mjini lilichukua kwangu vyungu 40 vya kuweka karibu na mlango, ulimi wa mama mkwe, ferni na mani planti. Nilieleza namna ya kuvitunza. Baada ya wiki tano nikaitwa. Mlinzi alikuwa ameambiwa avimwagilie kila siku asubuhi, vyote kwa kipimo kimoja, na kila chungu kilikuwa kimewekewa kisahani ambacho hakuna aliyekimwaga. Ferni zilikuwa zimeponea. Ulimi wa mama mkwe ulivutika ukatoka mkononi mwangu bila mizizi, unanuka. Yule mlinzi alikuwa na huzuni kweli, akasema, "Mama, mimi nilizimwagilia hata Jumapili." Hakuwa na kosa. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ndani ya jengo, mahali hakuna jua la kutosha, mmea hunywa kidogo sana. Tangu siku hiyo ninapopeleka mimea dukani naipanga mwenyewe kwa makundi ya kiu: ferni rafu moja, mani planti nyingine, ulimi wa mama mkwe na alovera peke yao upande wa mbali, ambako mkono wenye keni hauwafikii kwa mazoea. Visahani vimwagwe nusu saa baada ya maji.

Mvua nayo isikulaze usingizi. Hapa kwetu mara nyingi huja jioni kwa ngurumo, inapiga nusu saa, barabara inafurika, na asubuhi unakuta chungu chepesi. Majani mapana hufanya kazi ya mwavuli, maji yote yakaangukia nje. Machi hadi Mei bado napita na kuinua. Ila msimu huo nachimba pia vijifereji kati ya safu, kwa sababu karatasi zikikaa kwenye dimbwi siku mbili ni sawa na kisahani cha lile duka.

Maji ya mfereji hapa hayajanisumbua. Rafiki yangu anayeuza maua Nakuru ana shida nyingine: maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia, na drasena zake, maua yale ya majani marefu, zilikuwa zikiungua ncha za majani hata akizitunza vipi. Sasa anazipa maji ya mvua aliyokinga kwenye tangi. Ukiona ncha za kahawia na uzito wa chungu uko sawa, tazama maji yako.

Kuna jambo wauzaji wenzangu husahau. Karatasi ikikaa pahali pamoja wiki nyingi, mizizi hupenya matundu na kuingia ardhini. Mche unanawiri, unausifu, na kumbe unakunywa kutoka ardhini. Mteja akija, unaung'oa, mizizi ile inakatika, na kesho yake parachichi lake limelala. Kila baada ya wiki mbili au tatu inua karatasi zote, kata mizizi iliyotoka, zihamishe kidogo, na siku hiyo zipe maji ya kutosha na kivuli. Kuuza mche uliong'olewa ardhini asubuhi hiyo hiyo ni kumwibia mtu, hata kama hukukusudia.

Na safari. Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kupeleka, ili majani yawe yameshiba na chungu kiwe kimechuruzika. Ukimwagilia saa ile ile ya kupakia, chungu ni kizito, udongo unamwagika, na majani bado yana njaa. Upepo wa pikipiki hukausha kuliko jua la siku nzima. Kwa bodaboda navisha majani gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Kwa pikapu nafunika turubai, na ninamwomba dereva asisimame juani pale soko la Kibuye kununua chakula.

Mteja akishachagua, simpi karatasi ya maelezo. Namletea vyungu viwili vya mmea ule ule, kimoja nilichomwagilia asubuhi na kingine kinachongoja maji, namwambia, "Shika hiki, dada. Sasa shika na hiki." Wengi huvibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto mara mbili, tatu. Kisha namwambia cha kwake akipe maji kikifika uzito wa hiki cha pili, na ndipo tunaongea bei.