Jinsi ya kutambua vifaru na magari ya deraya: anza na magurudumu

Anayejifunza hukimbilia kutazama mzinga. Huko juu ndiko kunakodanganya: askari hufunga vizimba vya chuma, vitofali vya baruti vya kujikinga, nyavu na mizigo mpaka umbo lote linapotea. Magurudumu hayabadilishwi ovyo. Macho yaanzie chini.

Je, ni matairi au minyororo? Kwa matairi, hesabu ekseli. BRDM-2, gari la upelelezi, ina mbili; BTR-80, gari la kubeba askari, ina nne. BTR-60 na BTR-70 nazo zina nne, basi tafuta mlango wa ubavuni. Wa BTR-80 ni mkubwa, uko kati ya ekseli ya pili na ya tatu, na umekatwa vipande viwili. Cha chini kikifunguliwa huwa ngazi.

Kwa minyororo, hesabu magurudumu yanayokanyaga mnyororo, upande mmoja tu. Acha lile lenye meno linalouvuta na lile la ncha ya pili; kwa kawaida yameinuka kutoka ardhini, na wengi huyajumlisha wakapata mawili zaidi. Kwa vifaru, T-55 ina matano, T-72 sita, Abrams na Leopard 2 saba. T-62 nayo ina matano, ila mapengo yake yako nyuma, kati ya la tatu na la nne, kisha la nne na la tano. Pengo la T-55 liko mbele, kati ya la kwanza na la pili.

Kazi ngumu ni T-64, T-72 na T-80, maana zote zina sita. Magurudumu ya T-64 ni madogo na membamba. Ya T-72 ni makubwa. Ya T-80 hayakupangwa kwa nafasi sawa. Vigurudumu vya juu vinavyobeba mnyororo ni vinne kwa T-64, vitatu kwa T-72, vitano kwa T-80. Mabati ya pembeni yakivificha, tafuta bomba la moshi: la T-72 hutokea ubavu wa kushoto, karibu na nyuma, ilhali T-80 yenye injini ya tabo (ya gesi, si ya dizeli) hutoa moshi kupitia tundu pana nyuma kabisa. Ukiliona bomba la T-72 upande wa kulia, shuku kwamba picha imegeuzwa. Soma namba au maandishi ubavuni uhakikishe.

Sasa ndipo macho yapande juu. Si kila chenye mnyororo na mzinga ni kifaru. BMP-2, gari la deraya la kubeba askari wa miguu, ina mzinga mrefu mwembamba wa milimita 30. BMP-1 ina mfupi wa milimita 73. M109 na 2S3 ni mizinga mikubwa inayojiendesha: kibanda chake kinachozunguka ni kikubwa, kiko nyuma, na mdomo wa mzinga una kichwa chenye matundu, kitu adimu kwa vifaru vya leo. Tahadhari na Merkava: ni kifaru halisi, ila injini iko mbele na kibanda kimerudi nyuma.

Zoezi lenye faida: chukua picha za ubavuni, funika nusu ya juu kwa karatasi, andika idadi ya magurudumu na mapengo, kisha taja jina kabla ya kufunua. Anza na T-55 na T-62 peke yake. Picha ikiwa na matope au imepigwa kutoka mbele, andika, kwa mfano, “familia ya T-72” uishie hapo. Toleo kamili lisubiri picha nyingine.