Usiuue mmea wa ZZ kwa maji

Kama una mmea wa ZZ sebuleni, ule wenye majani mazito yanayong'aa, usiupangie siku ya kumwagilia. Chomeka kijiti mpaka chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, uache kwanza. Ardhini una viazi vinavyohifadhi maji, kwani asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya na Tanzania, mahali ambapo kiangazi hudumu miezi. Kinachouua hasa ni maji yaliyotuama. Viazi huoza bila wewe kuona, na ukikuta majani yanageuka njano huku mashina yamelegea chini, mara nyingi uozo umeshaenea. Ung'oe siku hiyohiyo, kata palipooza, uupande upya kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa chenga kubwa, chungu kiwe na matundu.

Wauzaji wengi husema unaishi hata gizani. Unavumilia tu, haukui. Uweke karibu na dirisha, jua kali lisiupige moja kwa moja.

Utomvu wake huwasha, kwa hiyo nawa mikono ukishaukata, na watoto wadogo wasiufikie.