Kiuno, sukari na sonona: namna ya kuvipima siku moja kliniki

Nauandika mwongozo huu kwa wauguzi na matabibu wenzangu wa kliniki za sukari na presha, hasa kwenye vituo vya afya visivyo na daktari wa akili. Tumezoea kumpandisha mgonjwa kwenye mizani, kumwambia "mama, punguza mwili", kisha kuita namba inayofuata. Mwezi unaokuja anarudi na kilo zilezile, nasi tunaandika kwenye faili kwamba hafuati masharti. Mara nyingi masharti anayajua vizuri sana, ila nguvu za kuyafuata ndizo hana.

Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha majumuisho ya tafiti 15 zilizofuatilia watu zaidi ya 58,000. Wenye unene uliopitiliza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 55, wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, baadaye. Wenye sonona nao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 58, wa kunenepa kupita kiasi. Mafuta ya tumboni humwaga kwenye damu kemikali zinazoufanya mwili uwe kama unapigana na ugonjwa muda wote, na ubongo unaathirika. Sonona kwa upande wake hupandisha homoni ya kotisoli, na hiyo inaongeza sukari na kurundika mafuta palepale tumboni. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kipi kilitangulia. Pima vyote.

Hatua ya 1: Pima kiuno

Mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Chukua utepe wa fundi cherehani, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwambie apumue kawaida, usome akimaliza kutoa pumzi. Kama amejifunga khanga, mpeleke nyuma ya pazia ailegeze. Fundo la khanga linakuongezea sentimita za bure. Kwetu tunatumia mpaka wa sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kiuno kikivuka hapo, halafu presha ikafika 130/85 na sukari kabla ya kula ikafika 5.6 mmol/L, huyo tayari ana sindromu ya kimetaboliki, yaani hitilafu hizi zikiwa zimekusanyika kwa mtu mmoja, hata kama hajaitwa mgonjwa wa kisukari. Maabara ikiwa na kipimo cha mafuta ya damu, kiongeze.

Namba usizitangaze kwa sauti mbele ya foleni. Na neno "bonge" liishie huko huko mtaani.

Hatua ya 2: Uliza, na usikilize jibu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Wagonjwa wetu hawaji wakisema wana sonona. Wanasema mwili wote unauma, kichwa kinagonga, usingizi hakuna, au "nina mawazo tu". Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Toleo la Kiswahili lipo na limeshafanyiwa utafiti Kenya. Foleni ikiwa ndefu, anza na mawili ya kwanza, yaani kukosa raha na kuwa na huzuni. Yakifika alama 3, endelea na yote.

Usiyasome kama karani wa sensa.

"Mama, hizi wiki mbili, mambo uliyokuwa ukiyapenda bado yanakupa raha?"

"Mwanangu, hata kwenye vikoba siendi. Hela natuma kwa simu."

Jibu hilo lina uzito kuliko namba yoyote. Mtu mwenye hela ya mchango anayekwepa kikao ana jambo.

Jumla ya 10 au zaidi inataka hatua. Kuna mtego, lakini: uchovu, usingizi mbovu na hamu ya kula kubadilika vinaweza kuletwa na sukari yenyewe. Mgonjwa anayeamka mara nne usiku kwenda chooni lazima achoke. Ndiyo maana natazama sana swali la 1, la 2 na la 6, lile la kujiona hafai.

Swali la 9 ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliruke kwa kuona aibu. Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akikubali, uliza kama ana mpango na njia. Akiwa navyo, asiondoke peke yake. Ita ndugu, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kagua faili la dawa

Amitriptilini tunaigawa kirahisi kwa maumivu na usingizi, nayo inaongeza hamu ya kula na uzito. Olanzapini, ya magonjwa ya akili, na prednisoloni, ya kutuliza uvimbe na pumu, ni vilevile. Mtu anaweza kuwa analaumiwa kwa kilo ambazo tumempa sisi dirishani. Fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida haina shida hiyo, ila inaweza kushusha sukari, hivyo anayetumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamidi apimwe mara kwa mara. Kabla ya kuanza fluoksetini, uliza kama amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala. Uliza pia kama anameza tramado, ile dawa ya maumivu. Mchanganyiko huo ni hatari.

Aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo huleta uchovu na huzuni. Tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kivivu nayo hunenepesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwenzi wake akisema anakoroma mpaka pumzi inakata, andika, maana usingizi wa namna hiyo nao huleta uchovu.

Hatua ya 4: Mpe jambo moja tu

Orodha ya vyakula vilivyokatazwa humvunja mtu mwenye sonona. Mimi naanza na kutembea, kwa sababu misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu na moyo unachangamka kwa kazi hiyohiyo. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha kuanzia. Lengo la dakika 150 kwa wiki litakuja. Atembee na mtu. Wanawake wengi wananiambia wanaogopa maneno ya vijana wa bodaboda, na wakiwa wawili au watatu maneno yanapungua.

Chakula kifuate wiki kadhaa baadaye. Soda kwanza: chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari. Kisha dona badala ya sembe, na nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, pembeni maharage au dagaa. Utafiti mmoja wa Australia wa mwaka 2017, wa watu 67 wenye sonona, uliona asilimia 32 ya waliosaidiwa kubadili mlo wakipona ndani ya wiki 12, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mazungumzo ya kawaida. Ni utafiti mdogo, lakini kunde na mboga hazina madhara ya kuogopa.

Hatua ya 5: Tarehe ya kurudi

Wiki nne, na simu katikati. Rudia dodoso kabla ya mizani. Alama zikishuka kwa nusu, endelea hivyo hivyo hata kama kilo hazijasogea; uzito huchelewa. Zisiposhuka na dawa anameza kweli, ongeza dozi kwa mwongozo au mpe rufaa. Asiache dawa ghafla akijisikia nafuu. Kwenye faili andika kiuno, presha, sukari na alama za PHQ-9 kwenye mstari mmoja, ili wa zamu ijayo avione vyote kwa pamoja.