Kabla zamu haijashuka: namna ya kutafuta vyanzo vya ajali ndani ya duara

Mchimbaji akiumia huku kwetu upande wa Nyarugusu, Geita, hukawii kusikia watu wakisema duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, limetaka kafara. Siyapendi maneno hayo. Yakishasemwa, hakuna anayekwenda kutazama matimba, yaani miti inayozuia kuta zisiporomoke, hakuna anayeuliza zamu iliyotoka iliacha nini, na kesho yake watu wanashuka palepale. Mimi ni fundi matimba, siku hizi nasimamia zamu. Ninavyoona, ajali nyingi za chini huwa zimeshaonyesha dalili, na kuna mtu aliyeiona dalili hiyo akanyamaza. Msimamizi kazi yake ni kuitafuta kabla ya kumruhusu mtu kushika kamba.

Anza na zamu inayotoka, kabla hawajatawanyika. Usiwaulize kama chini kuko salama, maana wote watakujibu ndiyo. Waulize mambo yenye jibu: Mmechorong'a (mmetoboa) matundu mangapi ya baruti, na yaliyolia, yaani yaliyolipuka, ni mangapi? Jiwe limedondoka wapi? Maji yamepanda? Kuna timba lililolia? Mbao inayobebeshwa mzigo kupita nguvu yake hulia kabla ya kukatika, na waliokuwa chini wamesikia. Kijana akisita kujibu, mvute pembeni umuulize peke yake. Wengi wanaogopa kuonekana waoga mbele ya wenzao.

Kisha kagua mdomo wa duara. Kifusi kilichorundikwa ukingoni kinazisukuma kuta na kinarudi chini mvua ikinyesha, kwa hiyo kipelekwe mbali. Kamba ipitishe yote mkononi mwako, usitazame ncha tu. Angalia ndoano, angalia breki ya winchi. Viroba vya mawe visijazwe hadi mdomoni. Jiwe dogo likichomoka kwenye kiroba mita 30 juu, linafika chini kwa muda wa sekunde mbili na nusu, likiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Mtu wa juu hata akipiga kelele, wa chini hana muda wa kukwepa. Ndiyo maana nataka chini ya kila shimo la wima pachongwe kijichumba ubavuni, na kiroba kinapopanda kila mtu awe ameingia humo. Kofia ngumu ni ya lazima, ila usiitegemee ikuokoe na jiwe la namna hiyo.

Sasa matimba, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Sehemu ya juu ya duara ni udongo na mwamba uliooza. Hapo ndipo kuta hufunga watu, hata kama kule chini mwamba ni mgumu. Timba likionekana limesimama, usiamini macho. Chukua kisu ulichome karibu na pembe, pale maji yanapotuama. Kikizama bila kugoma, limeoza kwa ndani, litoe leo. Pitisha mkono nyuma yake. Ukikuta uwazi kati ya timba na ukuta, timba hilo halijaanza kazi. Udongo utasogea kwanza ujaze ule uwazi, nao ukishasogea unakuja kwa kishindo. Piga kabari mpaka lishikamane na ukuta. Wenye maduara wengi hununua miti michache kisha wanapanua nafasi kati ya timba na timba ili itoshe. Mimi nikikuta hivyo nasimamisha kazi, tugombane juu kwenye mwanga. Mwaka 2015, Nyangarata kule Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi. Watu wanausimulia muujiza huo mpaka leo. Mimi nataka tusimulie na jinsi njia ya kutokea inavyozibwa.

Ukipita matimba unaingia kwenye mwamba mtupu. Tumia mtalimbo mrefu. Simama mahali ulipokwisha kupapima, nyuma yako pawe wazi pa kurudi, kisha gonga dari ukielekea mbele. Mwamba uliokaza unalia kwa sauti kali. Uliolegea unalia kama chungu chenye ufa, na ukiweka kiganja unapogonga utausikia ukitetemeka. Uangushe kwanza, kazi ifuate. Mtalimbo uushike kwa mshazari, usiwe wima juu ya kichwa chako. Baada ya kulipua rudia yote upya, kwa sababu baruti hulegeza hata jiwe lililokuwa zima asubuhi. Duara la jirani likilipua, nalo linakuhusu, hasa mnapokaribia mtobozano, pale maduara mawili yanapotobokeana. Kubalianeni saa za kulipua na wenye duara hilo.

Kwenye baruti yenyewe ni maneno machache. Alipue mwenye cheti. Mtu mmoja ahesabu milio, na hesabu isipolingana na matundu, hakuna kushuka kwa nusu saa angalau, kisha atangulie mlipuaji. Usichorong'e ndani ya kitako cha tundu la zamani hata kama kinaonekana kitupu.

Hewa ndiyo inayoua watu wazima wenye akili zao. Wachimbaji wengi wanashuka na mshumaa, ukiwaka wanasema hewa ipo. Mshumaa unakuambia kuhusu oksijeni tu. Moshi wa baruti na wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo inaweza kumlaza mtu chini huku mshumaa unawaka vizuri kabisa. Kwa hiyo pampu ya petroli isishushwe duarani, hata kwa dakika chache, hata maji yakijaa namna gani. Iache juu, au tumia ya umeme yenye nyaya nzima. Bloa, mashine inayosukuma hewa chini, nayo ikague inavuta hewa wapi. Nimekuta bloa imewekwa jirani na jenereta, inavuta moshi wa jenereta na kuwapelekea watu chini. Kichwa kikiuma, miguu ikilegea, panda. Na mwenzako akianguka chini ghafla bila kupigwa na kitu, usimfuate. Washa bloa, tia hewa, ita waokoaji. Anayemkimbilia bila hewa huongeza maiti ya pili. Juni 2002, Mirerani kwenye migodi ya tanzanite ilipoteza wachimbaji zaidi ya 30 kwa mara moja kwa kukosa hewa.

Maji yana majira yake. Machi 2008 mvua iliingia migodi ya Mirerani ikaua makumi ya watu. Januari 2024 zaidi ya 20 walifukiwa Ng'alita, Bariadi. Jenga tuta kuzunguka mdomo, chimba mtaro, na wingu likifunga toa watu nje. Duara la zamani lililoachwa karibu yako lihesabu kuwa limejaa maji mpaka uthibitishe vinginevyo.

Chanzo kimoja hutakiona kwa tochi. Mchimbaji wetu mara nyingi halipwi mshahara, anasubiri mgao wa viroba. Mkanda, yaani mstari wa mwamba wenye dhahabu, ukionekana, hakuna anayetaka kupumzika wala kungoja fundi matimba. Anaunganisha zamu mbili, macho mazito, ndipo anapokosea hatua. Ukisimamia zamu, kaa na mwenye duara kabla mkanda haujaonekana. Gharama za miti, kofia na hewa zitolewe juu kwa juu kabla ya mgao, na chakula kisikosekane. Ukisubiri mawe yapatikane, hakuna atakayekusikiliza.

Mtu akiumia licha ya yote haya, mtoe, mpeleke hospitali, kisha sehemu ile ifungwe isiguswe. Toa taarifa kwa Afisa Madini Mkazi. Andika kwenye daftari kilichompiga, kilitoka wapi, nani alipita hapo mara ya mwisho na aliona nini. Andika pia mawe yaliyodondoka bila kumpata mtu, kwa sababu hayo ndiyo mengi na ndiyo yanayokuonyesha pa kusimika timba kesho. Daftari lisishuke chini. Likae kwa mtu wa winchi, ili zamu inayoingia isomewe kabla haijashika kamba.