Flashi imerudi na vishale: usiifomati, kazi zako bado zimo

Umechapisha ripoti ya fildi kwenye steshenari ya Ngarenaro au Kijenge, Arusha, umefika nyumbani, umechomeka flashi, na kila folda imeota kishale kwenye kona ya chini kushoto. Folda iliyokuwa na picha mia mbili sasa inasoma KB 1 au 2. Wengi hapo huifomati, yaani huifuta yote. Wanajitia hasara bure, maana hiki ni kirusi, na kwa kawaida hakifuti kazi, kinaificha. Bofya-kulia alama ya flashi, chagua Properties. Kama GB 6 kati ya 16 bado zinaonekana zimetumika, mali yako imo.

Zamani Windows iliweza kuendesha yenyewe programu iliyomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Kufikia 2011 Microsoft walikuwa wameuziba mlango huo, hata kwa XP na Vista zilizosasishwa. Watengeneza virusi wakahitaji mtu wa kuwafungulia, yaani wewe. Kirusi kinayaficha mafaili yako, kisha kinaweka badala yake njia ya mkato (shortcut, ndiyo yenye kile kishale) yenye jina lile lile. Ukiibofya, inawasha kirusi halafu inakufungulia folda halisi ili usishtuke. Ndiyo maana mtu hukaa nacho wiki nzima akisema, "Mbona inafunguka tu?"

Kazi ikitakiwa leo leo, tumia simu ya Android. Chomeka flashi kwa kiunganishi cha OTG (kile cha kuunganisha flashi na simu), fungua programu ya mafaili. Android haijali alama ya kuficha ya Windows, kwa hiyo kwa kawaida utaona kila kitu, na kirusi cha Windows hakina la kufanya humo. Nakili unachohitaji. Usipokiona, tafuta folda isiyo na jina. Baadhi ya virusi hurundika kila kitu humo. Simu ikikataa kabisa kuisoma, huenda flashi ina mfumo wa kupanga mafaili uitwao NTFS, ambao simu nyingi haziusomi.

Ukirudi kwenye kompyuta, isafishe yenyewe kwanza. Ukianza na flashi, kirusi kilichobaki kwenye mashine kitaichafua tena ndani ya sekunde chache, uanze kulaumu njia. Chomoa flashi, fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, usasishe. Kabla ya kuchunguza, ingia Manage settings, shuka hadi Exclusions. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kama fundi aliweka Windows ya kukreki (isiyo na leseni), mara nyingi alizima ulinzi na kusamehe folda fulani isikaguliwe ili kreki isifutwe. Kirusi kikijibanza humo, unaweza kukagua mpaka kesho. Ondoa kila msamaha usioujua. Kisha Scan options, uchague Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka, ikague kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaanza. Hifadhi kazi zilizo wazi, na laptopu iwe kwenye chaji. Umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Sasa chomeka flashi, usibofye chochote ndani yake. Angalia herufi iliyopewa, tuseme E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter; litafunguka dirisha la kuandika amri. Andika E: kisha Enter, halafu:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Nafasi kati ya kila kipande ni lazima. -h inaondoa kuficha, -r inaondoa zuio la kuandika, -s inaondoa alama ya faili la mfumo. /S na /d zinaifikisha amri kwenye folda zote. Usiiache -s: Windows itakataa kufichua faili lenye alama ya mfumo. Ukiona "Access denied" kwenye System Volume Information, puuza, ni kawaida. Ila ukikosea herufi ukaandika C:, utafichua mafaili ya Windows yenyewe, na siku moja mtu atayafuta akidhani ni takataka.

Fungua flashi kwenye File Explorer, washa View, Show, File name extensions, ili uone herufi za mwisho wa jina la kila faili. Nakili zinazoishia docx, xlsx, pdf, jpg na nyingine unazozitambua. Acha lnk (zile zenye kishale), vbs, js, scr, bat na exe, hata kama jina ni Ripoti.pdf.exe. Hiyo ya mwisho si PDF hata kidogo. Ukishahakikisha nakala zinafunguka, sasa fomati flashi.

Safari nyingine steshenari, geuza kazi kuwa PDF, hata mpangilio hautaruka, uitume kwa WhatsApp au barua pepe ukiwa kwenye simu yako. Usifungue WhatsApp yako kwenye kompyuta ya dukani. Kama umeshaifungua, ingia Linked devices uiondoe palepale kabla hujalipa.

Kwa wapiga picha na madereva wa watalii wanaorudi Arusha na kadi za kamera: kadi kubwa ya SD ina kiswichi ubavuni. Kisogeze upande wa Lock kabla ya kuichomeka kwenye mashine ya mtu. Picha zitasomeka, lakini kompyuta nyingi hazitaweza kuandika kitu juu yake. Kadi ndogo ya simu nayo inapata kiswichi hicho ukiivalisha adapta ya SD.